Amri ya Nane na Kijana Anayesomea Uandishi wa Habari

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi huja ofisini kwa mchungaji kuomba ushauri na maombi. Kijana akichagua ualimu, uuguzi au uhasibu, wazazi humwomba Mungu ada ipatikane, basi. Lakini kijana akisema anataka kwenda chuo kikuu kusomea mawasiliano ya umma na uandishi wa habari, baba na mama huja pamoja, nao hukaa kimya kitambo kabla ya kusema lililowaleta. Hatimaye mmoja wao huuliza: "Mchungaji, mtoto wetu ataifanya kazi hii na bado abaki Mkristo?"

Tumelisikia swali hili katika kila usharika tuliotumwa kuutumikia, na ndani yake kuna hofu mbili. Ya kwanza ni hofu ya usalama, na si hofu ya bure. Watanzania wanakumbuka jinsi Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, alivyouawa akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012. Wanakumbuka pia kwamba Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi huko Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Mzazi anayeyataja majina hayo hapaswi kuambiwa kwamba hana imani. Aombewe, na mtoto wake aombewe.

Hofu ya pili ni ya roho, nayo ndiyo tunayotaka kuitazama hapa. Wazazi wanaona kwamba kazi hii ni ya kuchimbua mambo ya watu na kuyaweka hadharani, nao wamefundishwa tangu kipaimara kwamba Mkristo hafanyi hivyo. Kwa hesabu ya Katekisimo yetu, amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo juu ya jirani. Martin Luther, alipoieleza katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kukataza uongo tu. Alitaka pia tumsemee jirani mema, na tuyapokee matendo yake kwa tafsiri iliyo njema zaidi. Sasa kijana aliyeyakariri hayo mbele ya usharika, akiwa amevaa nguo nyeupe, anawezaje kukaa darasani miaka mitatu akifundishwa kuuliza fedha za watu zilikwenda wapi?

Zamani tulikuwa na jibu jepesi. Leo hatunalo, na ni haki tueleze kwa nini.

Yaliyotokea usharikani

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika usharika mmoja wa kijijini, tukijenga kanisa. Kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta na kazi iliyobaki ilikuwa ya paa. Kila Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mnada: mahindi, ndizi, kuku, wakati mwingine mbuzi. Alikuwapo mama mmoja mjane aliyeleta mayai sita kila wiki. Mtu aliyanunua mnadani, akamrudishia mama huyo, naye aliyatoa tena. Hivyo ndivyo fedha za mabati zilivyopatikana, kidogo kidogo, kwa muda wa miaka mitatu. Lakini mabati hayakuja.

Kweli yenyewe haikuwa ya wizi. Usharika ulikuwa na deni la gari, na mdai alikuwa ametishia kwenda mahakamani. Sisi, mchungaji na wazee wa kanisa, tulikaa barazani tukaamua fedha za mabati zilipe deni lile, kisha tuanze upya kuchanga. Mhazini wetu, mwalimu mstaafu, alipinga. Alisema washarika waliotoa kwa ajili ya paa waulizwe kwanza. Tulimshinda kwa kura, naye akatii, akasaini. Muhtasari ukaandikwa na kufungiwa kabatini. Hatukutangaza kanisani, kwa sababu tuliogopa sadaka zingeshuka.

Wakati huo binti wa mwinjilisti wetu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea uandishi wa habari. Aliporudi likizo alikuwa na zoezi la kuandaa kipindi cha redio ya chuo kuhusu mradi wa maendeleo wa nyumbani kwao. Akachagua ujenzi wa kanisa. Tunadhani alichagua kwa upendo, maana alikuwa amebeba mawe ya msingi ule akiwa darasa la saba.

Alikuja ofisini na daftari na simu ya kurekodia. Akaamkia, "Shikamoo, Baba Mchungaji," akakaa, akauliza juu ya historia ya usharika, tukamjibu kwa furaha. Kisha akauliza: "Fedha za mabati ziko wapi?" Tulicheka, tukidhani anatania. Alikuwa ameshika kalamu akisubiri.

Tulimwambia akasome amri ya nane. Mzee mmoja aliyekuwapo alimkumbusha habari za wana wa Nuhu: Hamu aliuona uchi wa baba yake akaenda kuutangaza, lakini Shemu na Yafethi walitembea kinyumenyume wakamfunika. "Binti," alisema mzee, "wewe unataka kuwa Hamu?" Jioni ile tukamwita baba yake. Hatukumtisha, lakini mwinjilisti ni mwajiriwa wa usharika, na sote pale tulilijua hilo. Siku iliyofuata binti akaja kuaga. Alisema ameamua kuandika habari za kisima cha kijiji jirani.

Baada ya mwaka mmoja maneno yalianza. Mtu fulani alipiga picha ya nyumba ya mtoto wa mhazini, iliyokuwa imeezekwa mabati mapya, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mtoto yule alikuwa akifanya kazi mjini na alijenga kwa jasho lake, lakini watu walisema, "Lisemwalo lipo." Wiki mbili baadaye mhazini alikuwa mwizi kinywani mwa kila mtu, hata watoto wa shule ya Jumapili. Tulipoitisha mkutano na kuusoma muhtasari ule mbele ya washarika, tulikuwa tumechelewa. Watu walisema tumeandika karatasi jana usiku ili kumkinga mwenzetu.

Mzee yule sasa anaishiriki Meza ya Bwana katika usharika mwingine, mwendo wa saa moja kwa miguu. Tulikwenda kwake kuomba radhi. Alitukaribisha, mkewe akaleta chai. Kisha akasema jambo ambalo hatukulijua: "Yule binti alikuja hapa mara mbili. Aliniuliza kwa heshima. Nikamwambia siwezi kusema neno mpaka Mchungaji aniruhusu."

Amri inamlinda nani?

Tumelitafakari neno hilo kwa muda mrefu. Tulimnyamazisha binti kwa jina la amri ya nane. Lakini laiti angeachwa amalize kazi yake, kweli ingesikika mapema, ikiwa na sauti ya mhazini ndani yake na sababu za wazee pia. Tungeona aibu, na pengine sadaka zingeshuka kwa msimu mmoja. Lakini asingekuwapo mtu wa kumwita mzee yule mwizi. Ushuhuda wa uongo juu ya jirani, jambo lile lile amri inalokataza, uliota katika shimo tulilolichimba sisi kwa kunyamaza.

Kosa letu halikuwa kuipenda mno amri. Hatukuuliza jirani ni nani. Tulipomwambia binti amlinde jirani, jirani tuliyemfikiria alikuwa sisi wenyewe. Mhazini hatukumfikiria, wala yule mama wa mayai sita, ambaye alikuwa na haki ya kujua mayai yake yamelipa deni la gari.

Na wale wana wa Nuhu? Nuhu alikuwa amelala hemani mwake. Ulevi wake ulikuwa aibu yake, na kumfunika hakukumwumiza mtu mwingine. Fedha za washarika wote si uchi wa mtu mmoja. Mtume Petro anaposema upendo husitiri wingi wa dhambi, anaandikia watu wanaosameheana makosa waliyotendeana. Hawapi viongozi ruhusa ya kusitiri matumizi yao wenyewe. Paulo alipokuwa akikusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya nane ya waraka wa pili, kwamba amechukua tahadhari ili asilaumiwe juu ya fedha nyingi zilizo mikononi mwake. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Sisi tuliona kuwa mbele za Bwana kunatosha.

Luther mwenyewe aliliona jambo hili. Katika Katekisimo Kubwa, akiieleza amri hiyo hiyo, anatofautisha. Kosa la siri litatuliwe kwa siri, kama Bwana Yesu alivyoagiza katika Mathayo 18: nenda kwa ndugu yako, ninyi wawili tu. Lakini uovu ulio hadharani unaweza kukemewa hadharani, na anayeukemea hasingizii mtu. Jambo letu lilikuwa katikati. Lilikuwa mali ya wote, lakini lilifanywa siri na wachache. Hapo ndipo mwandishi wa habari anapofanya kazi siku nyingi za maisha yake.

Chuo kinafundisha nini?

Baada ya mambo hayo tuliona ni vema tujue kinachofundishwa huko vyuoni. Tulikuta mambo ambayo hatukuyatarajia.

Kwanza, tulijikumbusha kwamba Kanisa si mgeni katika kazi hii. Gazeti la Msimulizi lilitoka mwaka 1888 katika shule ya wamisionari wa Kiingereza ya Kiungani, Zanzibar. Redio ya Kilutheri ya Addis Ababa ilirusha matangazo kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, tangu 1963 hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitwaa mwaka 1977, na studio ya Sauti ya Injili ya Moshi ilitokana na kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kilichojulikana sana kwa masomo haya, kilikuwa chuo cha maaskofu Wakatoliki pale Nyegezi kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 1998. Chuo chetu cha Iringa nacho kimetoa shahada ya uandishi wa habari. Na tangu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, mwandishi hapa nchini anatakiwa kuwa na ithibati, kwa hiyo vijana wetu hawawezi kuingia kazini kwa kipaji tu. Lazima wasome.

Pili, tuliangalia masomo yenyewe. Mwanafunzi hufundishwa kwamba neno la mtu mmoja halitoshi. Atafute wa pili, na ikiwezekana karatasi. Torati ilisema hivyo zamani: jambo lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu. Hufundishwa kwamba anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu kabla habari haijatoka. Hufundishwa kutenganisha alichokiona na alichosikia, na kusahihisha kosa waziwazi. Mtu akichafuliwa jina, anaweza kulalamika mbele ya Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, ambalo huzikutanisha pande mbili na kutafuta suluhu kabla ya mahakama. Tuliposoma hayo tuliona kwamba binti yule alipokuja ofisini na daftari lake, na alipokwenda mara mbili kwa mhazini, alikuwa akiitii amri ya nane. Kundi la WhatsApp halikumpigia mhazini simu hata mara moja.

Luka naye alifanya kazi ya namna hii. Mwanzoni mwa Injili yake anamweleza Theofilo kwamba amefuatilia mambo yote tangu mwanzo, kutokana na watu walioyaona kwa macho, ili ayaandike kwa taratibu. Roho Mtakatifu hakumwondolea taabu ya kuuliza watu.

Iko pia habari ya wapiga mbio wawili katika 2 Samweli 18. Absalomu ameuawa vitani, na habari inapaswa kumfikia Daudi. Ahimaasi anataka kukimbia. Yoabu anamkataza, akimwambia mwana wa mfalme amekufa, na badala yake anamtuma Mkushi. Ahimaasi anasisitiza, anakimbia, anamtangulia Mkushi. Daudi anasema yule ni mtu mwema, analeta habari njema. Kisha mfalme anauliza kama kijana yu salama, na Ahimaasi anajibu kwamba aliona ghasia kubwa lakini hakujua ni nini. Alijua. Yoabu alikuwa amemwambia. Alinyamaza kwa huruma, au kwa woga, na kazi ngumu akamwachia Mkushi, mgeni, aliyeitoa habari ile bila ukatili na bila kuificha. Sisi wachungaji tunampenda Ahimaasi. Tunahubiri kama yeye kwenye misiba na kwenye mikutano ya mapato na matumizi.

Mahali ambapo taaluma yenyewe inahukumiwa

Hata hivyo hatutaki kuisifu kazi hii kuliko inavyostahili. Yaliyoandikwa kwenye mtaala si yote yanayoonekana gazetini. Kichwa cha habari huweza kusema uongo ambao habari yenyewe haisemi. Haraka ya kuwa wa kwanza humfanya mtu asahau shahidi wa pili. Picha ya marehemu barabarani hutumwa kabla mama yake hajaambiwa. Na iko ile bahasha anayopewa mwandishi aje kwenye uzinduzi wetu na aandike vizuri. Tukiri kwamba Kanisa nalo huitoa bahasha hiyo, kisha siku ya pili linahubiri juu ya rushwa.

Tena, wengi wanaosoma shahada hii hawaendi magazetini. Huwa maofisa habari na maofisa uhusiano katika halmashauri, makampuni, mashirika na dayosisi. Kwao jaribu ni la upande wa pili. Kusema mema juu ya jirani kunaweza kugeuka kumsifu anayelipa mshahara. Luther alitaka tumsemee mema ndugu anayesemwa vibaya asipokuwapo, asiye na wa kumtetea. Ofisi yenye gari na msemaji haihitaji huruma ya namna hiyo. Mwenye kuihitaji ni mwananchi anayeilalamikia.

Na kuijua amri hakutoshi. Luther, aliyetueleza amri ya nane vizuri hivi, mwaka 1543 aliandika kitabu cha kuwatukana Wayahudi na kurudia masingizio ambayo hakuyahakiki. Makanisa ya Kilutheri yamelazimika kukiri hadharani kwamba maneno yale yalikuwa dhambi. Mwalimu wetu mkubwa alikuwa na kalamu yenye nguvu, na siku ile hakumsikiliza jirani aliyemwandika.

Ziko pia kweli zisizopaswa kutangazwa. Jina la mtoto aliyebakwa, hali ya afya ya mtu, ungamo lililosemwa mbele ya mchungaji: hayo hayawi habari kwa sababu tu ni ya kweli. Tunamshauri kijana ajiulize maswali matatu kabla ya kuandika. Nani ataumia nikisema? Nani ataumia nikinyamaza? Kati yao, yupi hana wa kumsemea? Maswali haya hayamalizi kila jambo, lakini katika jambo letu la mabati yangetosha.

Lililobaki

Kuna swali moja ambalo bado linatusumbua. Binti yule alimtii baba yake. Amri ya nne inamwagiza amheshimu, na baba yake alikuwa na watoto wengine wa kusomesha kwa mshahara wa usharika. Je, angepaswa kuendelea? Hatuthubutu kumhukumu. Amri ya nne na amri ya nane zilikutana juu ya mabega ya msichana wa miaka ishirini na mmoja, na waliozikutanisha pale ni sisi. Mungu hakuwa amempa mzigo huo. Kanisa likimsomesha kijana ili aseme kweli, kisha likamfanya achague kati ya kweli na chakula cha baba yake, dhambi hiyo ni ya Kanisa.

Kwa hiyo, wazazi wanapokuja na swali lao, hatuwajibu tena kwa wepesi. Tunawaambia kwamba mtoto wao anaweza kuifanya kazi hii na kubaki Mkristo, maana Mungu hutuita katika kazi za mikono na za kalamu, si za madhabahuni tu. Tunawaambia wamwombee asipende bahasha wala haraka, na akumbuke kwamba yule anayemwandika ni jirani. Kisha tunawaambia jambo ambalo wengi hawalitarajii: siku moja mtoto huyu atarudi nyumbani likizo na kuuliza maswali, na sisi wazee tuwe tayari kumjibu.

Katika usharika tulio nao sasa, mapato na matumizi husomwa kila baada ya miezi mitatu baada ya ibada, kabla ya mnada, pamoja na yale tuliyokosea. Wengine hulalamika kwamba inachosha. Sadaka hazijashuka.

Binti yule alihitimu, na sasa anafanya kazi katika redio moja ya mkoani. Mwaka huu alipiga simu. Aliamkia kama zamani, akasema anaandaa kipindi kuhusu ardhi za makanisa, na ana maswali manne. Tulimwomba asubiri kidogo tukatafute hati kabatini. Akasubiri, nasi tukamjibu yote manne.